Kalamu yenye jina la dawa: jibu kwa Mwalimu wa Kibaigwa

Mwalimu wa shule ya msingi huko Kibaigwa ameniandikia barua ndefu, na kwa ridhaa yake naifupisha hapa. Mama yake ana umri wa miaka 67, anaishi Mpwapwa, na amekuwa na presha kwa miaka tisa. Muda wote huo alitumia vidonge viwili vya bei nafuu alivyoandikiwa kituo cha afya, yaani amlodipini na haidroklorothiazaidi. Miezi miwili iliyopita Mwalimu alimpeleka kliniki binafsi mjini Dodoma kwa sababu ya maumivu ya magoti na kichwa kizito. Walikaa kwenye benchi kwa muda mrefu, kisha vijana wawili waliovaa tai, wenye mabegi mazuri, wakafika na kuingizwa mbele ya foleni. Zamu yao ilipofika, Mwalimu aliona kwamba kalamu ya daktari, kalenda ya ukutani na saa ya mezani vyote vina jina moja la dawa, na jina hilo ndilo lililoandikwa kwenye cheti cha mama. Vile vidonge viwili vya zamani viliondolewa. Badala yake mama amepewa kidonge kimoja kipya cha presha chenye telmisatani na amlodipini, pamoja na dawa ya magoti iitwayo etorikoksibu. Gharama ya mwezi imepanda mara sita, mama hayumo kwenye bima ya Mwalimu kwa kuwa nafasi zimejazwa na watoto, na sasa bibi huyo ameanza kumeza kidonge cha presha siku moja na kuruka siku inayofuata ili dawa isiishe mapema. Mwalimu anauliza maswali matatu: je, daktari amenunuliwa? Je, mama yuko salama? Je, amrudishe kwenye dawa za zamani?

Mwalimu, mfikishie mama shikamoo yangu. Nitaanza na swali la pili, kwa sababu hilo haliwezi kusubiri.

Mama asiendelee kuruka siku. Dawa nzuri kuliko zote duniani, ikimezwa nusu ya siku za mwezi, haimlindi mgonjwa na kiharusi kama inavyomlinda dawa ya kawaida inayomezwa kila siku. Msiache kidonge cha presha kwa uamuzi wenu wenyewe, wala msimrudishie vidonge vya zamani juu ya hicho kipya, kwa maana amlodipini ni mojawapo ya vile vya zamani na imo pia ndani ya hicho kipya, na atajikuta anameza dozi mbili. Ila kuna jambo moja katika barua yako ambalo umelitaja kwa sentensi fupi tu, nami limenishtua kuliko bei na kuliko ile kalamu. Ni dawa ya magoti. Etorikoksibu ni dawa ya maumivu ambayo inaweza kupandisha presha, na mamlaka ya dawa ya Ulaya imeelekeza kwamba isitumiwe na mgonjwa ambaye presha yake iko juu ya 140/90 muda wote na haijadhibitiwa. Aidha, dawa za maumivu za jamii hiyo zikitumiwa pamoja na dawa kama telmisatani, hasa kwa mtu mwenye umri wa mama, zinaweza kuzielemea figo. Kwa hiyo ndani ya siku chache, na si mwezi ujao, mpelekeni akapimwe presha, kisha daktari au tabibu aulizwe waziwazi kama dawa hiyo ya magoti inafaa kuendelea na kama kipimo cha damu cha kuangalia figo kinahitajika. Kwa maumivu ya magoti ya mtu mzima mwenye presha, parasetamoli katika dozi sahihi, dawa ya kupaka na mazoezi mepesi ya kuimarisha misuli ya paja huwa ndiyo njia ya kuanzia. Akionekana kuvimba miguu, mkojo kupungua, kifua kuuma, pumzi kukata, choo kuwa cheusi, au upande mmoja wa mwili kulegea, msisubiri hata kesho.

Sasa niingie kwenye swali lako la kwanza. Nimefanya kazi ya ufamasia katika hospitali za Dodoma na Singida kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwa sehemu kubwa ya muda huo nimekuwa mjumbe wa kamati za dawa na tiba, yaani kamati zinazoamua hospitali inunue dawa gani. Kwa niliyoyaona, daktari anayepokea bahasha ili aandike dawa fulani yupo, na huyo ni mla rushwa ambaye sheria ya nchi inamtambua hivyo. Lakini yeye si wa kawaida. Wa kawaida ni daktari mwema, aliyechoka, ambaye hajapokea shilingi, na ambaye ukimuuliza atakuapia kwa dhati kabisa kwamba kalamu haiwezi kumbadilisha mawazo. Huyo ndiye anayenipa wasiwasi zaidi, kwa sababu anaamini anachosema.

Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walichapisha majibu ya madaktari waliokuwa katika mafunzo ya hospitali. Asilimia 61 kati yao walisema kwamba matangazo ya kampuni za dawa na mawasiliano na wawakilishi wao wa mauzo, yaani watu kama wale vijana wa tai, hayaathiri namna wao wanavyoandika dawa. Walipoulizwa kuhusu madaktari wenzao, ni asilimia 16 tu waliosema kwamba nao hawaathiriki. Tazama hesabu hiyo, Mwalimu, kama unavyotazama daftari la mwanafunzi: haiwezekani wengi wawe salama huku wengi hao hao wakiwaona wenzao kuwa hawako salama. Miaka kumi na mitano baadaye, mwaka 2016, utafiti mwingine wa huko huko uliolinganisha kumbukumbu za malipo na kumbukumbu za dawa za madaktari karibu 280,000 ulionyesha kwamba madaktari waliokula hata mlo mmoja wa kampuni, wenye thamani ya wastani chini ya dola 20, waliandika zaidi dawa ya kampuni hiyo kuliko wenzao ambao hawakula. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba chakula ndicho kilichosababisha, kwa maana huenda waliokula ni wale waliokuwa tayari wanaipenda dawa hiyo. Hata hivyo, kadiri milo ilivyoongezeka ndivyo uandikaji ulivyoongezeka, na wazee wetu hawakuhitaji takwimu kulijua hilo waliposema kwamba mla cha mwenzie na chake huliwa.

Kalamu yenyewe, basi, si malipo. Kazi yake ni kuacha jina mbele ya macho. Daktari mwenye wagonjwa sitini kwa siku moja hana nafasi ya kufungua kitabu kila anapoandika, hivyo mkono wake huandika jina lililo karibu zaidi na kumbukumbu yake, na wanaouza dawa wanalijua hilo vizuri sana. Yule kijana mwenye tai naye amefundishwa kazi yake. Anajua daktari ana watoto wangapi, anashabikia Simba au Yanga, huwa kliniki siku gani, na mwezi uliopita aliahidi nini. Kisha hupita maduka ya dawa ya jirani kuangalia kama jina lake linatoka. Wengi wa vijana hawa ni wahitimu wa vyuo vyetu vya famasia na tiba, wengine nimewafundisha mwenyewe walipokuja kwa mafunzo ya vitendo, na wana lengo la mauzo la kila mwezi ambalo wasipolifikia kazi iko hatarini. Siwachukii hata kidogo. Nasema tu kwamba mtu ambaye mkate wake unategemea dawa moja iandikwe hawezi kuwa ndiye mwalimu wa daktari kuhusu dawa hiyo.

Jambo hili si jipya hapa kwetu. Mwaka 1978 daktari Mwingereza John Yudkin, aliyewahi kufanya kazi Tanzania, aliandika katika jarida la The Lancet kwamba nchini mwetu kulikuwa na mwakilishi mmoja wa kampuni za dawa kwa kila madaktari wanne, ilhali kwao Uingereza kulikuwa na mmoja kwa kila madaktari thelathini. Nchi maskini, yenye madaktari wachache na vitabu vichache zaidi, ndiyo iliyokuwa imezungukwa na wauzaji wengi zaidi. Ukifikiri kidogo utaona kwamba si ajabu: pale ambapo hakuna mtu mwingine wa kumpasha daktari habari, anayekuja na kijitabu cha rangi, sampuli za bure na maneno laini anapokewa kama mgeni wa heri.

Kuna methali inayosema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa dawa methali hii ni kali mno, maana hata dawa njema ikiwa mpya inahitaji mtu wa kuitambulisha. Telmisatani na amlodipini katika kidonge kimoja, kwa mfano, si dawa mbaya: Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019, na kidonge kimoja badala ya viwili humsaidia mgonjwa asisahau. Inawezekana kabisa kwamba presha ya mama ilikuwa imepanda kwa vidonge vya zamani na daktari akawa na sababu ya haki ya kubadilisha. Hilo hujui wewe wala mimi, kwa kuwa halikuelezwa. Lakini ukiigeuza methali hiyo utapata jambo ambalo miaka yangu yote ya kazi imenifundisha: kizuri kisichokuwa na faida hakina wa kukitembeza. Hakuna kampuni inayomtuma kijana wa tai aende kwa daktari kumkumbusha kwamba haidroklorothiazaidi bado ipo na bado inafanya kazi.

Ushahidi wa hilo ni mkubwa. Desemba 2002 yalitangazwa matokeo ya jaribio la ALLHAT, lililogharimiwa na taasisi ya umma ya Marekani inayoshughulikia moyo, mapafu na damu, likiwa na wagonjwa wa presha zaidi ya 33,000. Walilinganisha klorthalidoni, dawa ya zamani ya kupunguza maji mwilini ambayo ni ndugu wa karibu wa haidroklorothiazaidi ya mama yako, na dawa mpya na ghali za wakati ule, ambazo ni amlodipini na lisinopili. Katika kuzuia vifo vya ugonjwa wa moyo na mashambulio ya moyo, dawa hizo mpya hazikuishinda ile ya zamani. Dawa ya nne katika jaribio hilo, doksazosini, ilikuwa imekwisha kuondolewa mwaka 2000 kwa sababu waliopewa walipata zaidi tatizo la moyo kushindwa kusukuma damu. Habari ya namna hii, inayoweza kumwokolea mzee wa Mpwapwa fedha ya mahindi, haina wa kuibeba kutoka kliniki hadi kliniki. Haiko kwenye kalamu ya mtu yeyote.

Na pale habari inapokuwa mbaya kwa muuzaji, ukimya huwa mzito zaidi. Nikueleze kisa cha Vioxx, kwa kuwa dawa hiyo ilikuwa ya jamii moja na hii ya magoti ya mama. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1999, ikatengenezwa na kampuni ya Merck, na ikauzwa kwa hoja kwamba inatuliza maumivu ya viungo bila kuchubua tumbo kama dawa za zamani. Hoja hiyo ilikuwa na ukweli. Mwaka 2000 jaribio la wagonjwa zaidi ya 8,000 lilionyesha kwamba kweli matatizo ya tumbo yalipungua, lakini pia lilionyesha kwamba waliotumia Vioxx walipata shambulio la moyo mara nne zaidi ya waliotumia naproksini, dawa ya zamani ya maumivu. Kampuni ilieleza kwamba si Vioxx iliyodhuru moyo, bali ni naproksini iliyoulinda. Maelezo hayo yalisambazwa, matangazo ya televisheni yakaendelea, na mwaka 2001 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiandikia kampuni barua ya onyo kwa kupunguza uzito wa matokeo hayo katika matangazo yake. Nyaraka zilizowekwa wazi katika Bunge la Marekani mwaka 2005 zilionyesha kwamba wawakilishi wa mauzo walikuwa wameelekezwa wasianzishe mazungumzo kuhusu jaribio lile, na kwamba katika mafunzo yao walijizoeza kukwepa maswali ya madaktari kuhusu moyo.

Fikiria chumba cha daktari katika miaka ile minne. Daktari anauliza swali sahihi. Kijana aliye mbele yake amefundishwa namna ya kulipita. Daktari anaandika dawa. Mgonjwa anashukuru kwa sababu goti limetulia. Hakuna aliyesema uongo mkubwa ambao ungeweza kushikwa mkononi siku hiyo, na bado ilipofika tarehe 30 Septemba 2004, siku ambayo dawa iliondolewa sokoni baada ya jaribio jingine kuthibitisha hatari, ilikuwa imetumiwa na watu wapatao milioni 20 katika Marekani peke yake. Daktari David Graham, mtumishi wa mamlaka ile ile ya dawa, na wenzake walikadiria baadaye kwamba huenda watu 88,000 hadi 140,000 zaidi ya kawaida walipata ugonjwa mkubwa wa moyo huko Marekani kwa sababu ya dawa hiyo. Mwaka 2007 kampuni ilikubali kulipa dola bilioni 4.85 kumaliza kesi za wagonjwa na familia zao.

Simaanishi kwamba etorikoksibu itamfanyia mama yako hivyo. Iko sokoni katika nchi nyingi, na kuna wagonjwa ambao inawafaa. Ninachosema ni kwamba swali la moyo na figo ndilo swali la kwanza kwa dawa za jamii hii, na kama lilikosekana katika chumba kile siku ile, sababu yake inaweza kuwa kwamba hakuna aliyeingia kwa daktari asubuhi hiyo akiwa amelipwa ili kulikumbusha.

Nami si mtu wa kumnyooshea daktari wako kidole nikiwa nimesimama mahali pa juu. Miaka mingi iliyopita nililipiwa na kampuni nauli, chakula na usiku mbili za hoteli kwa ajili ya semina kuhusu antibiotiki moja ya sindano. Mada zilikuwa nzuri, wasemaji walikuwa wasomi wa heshima, nikarudi nikiwa na begi na cheti. Miezi michache baadaye niliandika waraka wa kuishauri kamati yetu iongeze sindano ile katika orodha ya hospitali, na kamati ikakubali. Mwaka uliofuata nilikuwa natafuta kitu kingine katika makabrasha, nikakuta kijitabu cha kampuni na waraka wangu vimekaa pamoja. Sentensi mbili za waraka wangu zilikuwa zimetoka katika kijitabu kile neno kwa neno, nami nilikuwa nimeziandika nikiamini kabisa kuwa ni mawazo yangu. Kati ya semina na waraka hakuna aliyenipigia simu wala aliyeniahidi kitu. Tangu siku hiyo sijawahi kumwamini mtu anayesema haathiriki, nikiwemo mimi.

Madhara ya waraka ule hayakuwa ya fedha peke yake. Sindano za aina ya seftriaksoni ni hazina kwa mgonjwa wa homa ya uti wa mgongo au sumu ya damu, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, lilipozigawa antibiotiki katika makundi mwaka 2017, liliziweka katika kundi la dawa za kutumiwa kwa uangalifu kwa kuwa huzaa usugu upesi. Zikianza kuandikwa kwa kikohozi na homa ambazo amoksilini ingetosha, au ambazo hazikuhitaji antibiotiki yoyote, mgonjwa wa leo hupona na kushukuru, na anayelipa ni mtoto wa mwaka ujao ambaye vimelea vyake haviogopi tena sindano hiyo. Katika hospitali ile nilishuhudia matumizi yakipanda kwa namna hiyo hiyo, na ilituchukua muda mrefu kuyarudisha chini, kwa sababu kumfundisha daktari tabia mpya ya kuandika ni rahisi, lakini kumwachisha ni kazi ngumu sana.

Utauliza sheria iko wapi. Ipo. Nchi zilikubaliana katika Mkutano Mkuu wa Afya Duniani wa mwaka 1988 juu ya vigezo vya maadili vya kutangaza dawa, miaka mitatu baada ya wataalamu kukutana Nairobi kujadili matumizi sahihi ya dawa. Kwetu, sheria ya mwaka 2003 iliyounda mamlaka ya dawa tunayoiita leo TMDA, ambayo makao yake makuu yako hapa Dodoma, inataka matangazo ya dawa yaidhinishwe kabla hayajatolewa. Bango na kijitabu vinaweza kukaguliwa. Mazungumzo ya dakika tano nyuma ya mlango uliofungwa hayakaguliki. Marekani, baada ya visa vingi vya aina ya Vioxx, ilitunga mwaka 2010 sheria inayozitaka kampuni zitangaze zinachompa daktari, hata chakula, na tangu mwaka 2014 mwananchi yeyote wa huko anaweza kutafuta jina la daktari wake katika daftari la wazi. Natamani tuwe na daftari kama hilo hapa nchini, na natamani zaidi kwamba mafunzo ya kujiendeleza ambayo daktari anayahitaji ili kuhuisha leseni yake yagharimiwe na waajiri na vyama vya taaluma, ili asilazimike kuyatafuta mahali penye bendera ya kampuni. Mhitimu wa tiba aliyeajiriwa wilayani, anayelipa ada ya semina kutoka mfukoni, atakubali mwaliko wa bure, na si haki kumlaumu yeye peke yake.

Swali lako la tatu, kama umrudishe mama kwenye dawa za zamani, linahitaji kwanza namba ambazo hatuna. Kabla ya kurudi kwa daktari, pimeni presha asubuhi na jioni kwa siku kadhaa, mama akiwa ameketi na kupumzika, na uandike kila kipimo kwenye daftari pamoja na siku alizoruka dawa. Usifiche kwamba ameruka, kwa maana daktari akiona presha iko juu bila kujua hilo ataongeza dawa nyingine juu ya ile isiyomezwa. Tafuta na vipimo vya zamani kwenye kadi ya kituo cha afya. Kama presha ilikuwa imetulia kwa vidonge viwili vya awali, una hoja nzito ya kuomba arudishiwe. Kama ilikuwa juu, basi mabadiliko ya dawa yalihitajika kweli, na mjadala unabaki kuwa wa bei.

Kuhusu bei, angalia boksi la dawa. Chini ya jina kubwa la biashara kuna jina dogo, na hilo dogo ndilo dawa yenyewe. Ukiwa duka la dawa, omba kwa jina dogo, ukieleza kwamba unataka dawa iliyosajiliwa na TMDA ya mtengenezaji mwingine. Tofauti ya bei kati ya majina mawili ya dawa moja inaweza kuwa kubwa kiasi cha kukushangaza. Inawezekana pia daktari akaandika amlodipini peke yake na dawa ya jamii ya telmisatani peke yake, kwa mfano losatani, ambavyo mara nyingi ni nafuu vikinunuliwa mbalimbali. Mwongozo wa taifa wa matibabu, ambao ndani yake imo orodha ya taifa ya dawa muhimu, unaeleza dawa za kuanza nazo kwa presha, na si utovu wa adabu kumuuliza daktari kama aliyoandika imo humo. Muuzaji akikusukuma uchukue jina jingine lenye bei ya juu, kumbuka kwamba naye huenda amepewa ofa ya boksi la bure kwa kila maboksi kadhaa anayouza.

Najua kinachokuzuia kuuliza, kwa sababu wagonjwa wengi huniambia. Mnaogopa daktari ataona mnamdharau. Basi usianze na kalamu wala wale vijana. Mwambie hivi: "Daktari, mama ameshindwa gharama na ameanza kuruka siku. Tunaomba utusaidie kujua, dawa hii mpya inafanya nini ambacho zile za zamani hazikufanya? Na hii ya magoti, kwa presha yake na figo zake, ni salama kwa muda gani?" Daktari mwenye sababu atakujibu kwa furaha, na mengi aliyokuwa akiyajua bila kuyasema yatatoka. Asiyekuwa na sababu atalazimika kuitafuta, na huenda akavikumbuka vidonge vya zamani mwenyewe. Akikasirika, mna haki ya kwenda kwa daktari mwingine, na kadi ya mama ni mali ya matibabu yake popote aendapo.

Siku mtakayokwenda, chukua mfuko mmoja utie kila anachomeza mama, pamoja na maboksi yaliyokwisha, vidonge vya zamani vilivyobaki kabatini, dawa za mitishamba kama anatumia, na dawa yoyote ya maumivu anayojinunulia dukani Mpwapwa bila kukuambia. Mimina vyote mezani mbele ya daktari. Kama itaonekana kwamba dawa mojawapo imemdhuru, mwombe daktari au mfamasia ajaze fomu ya njano ya TMDA ya taarifa za madhara ya dawa. Hata nyie wenyewe mnaruhusiwa kutoa taarifa. Nakuomba uniandikie tena ukishapata vipimo vya presha na cha figo.